Mizani Iliyotiwa Chumvi

Haya yote ni kweli tupu, kweli ya kupasua kwa shoka ukaikuta kweli nyingine ndani. Laurenti Mkude ameyaapia kwa marehemu mama yake aliyelala Matombo, na kwa meno yake sita ya mbele ambayo hadi leo ni ya kuzaliwa nayo. Siku ile, kwenye uwanja wa shabaha kusini mwa Johannesburg, walisimama watu sitini, pamoja na jenerali mmoja mstaafu, na wote waliona kwa macho yao. Anayebisha akawaulize.

Basi Laurenti huyu ni Mluguru wa miaka sabini na mmoja. Alikuja Afrika Kusini mwaka wa tisini na mbili akimfuata mkewe Nomsa, aliyekuwa ameishi uhamishoni Mazimbu, na mpaka leo akimkasirikia mumewe humkasirikia kwa Kiswahili cha Morogoro. Alifanya kazi miaka ishirini na mitano katika duka la vifaa vya ujenzi Marshalltown. Alipostaafu alibaki na vitu vitatu: pensheni, gereji ya nyumba yao Diepkloof, Soweto, na mizani. Gari la Nomsa lililala nje kwenye baridi kwa sababu gereji ilikuwa ya mizani.

Mizani yenyewe ilikuwa ya kizamani: mkono mmoja mwembamba wa shaba uliolala juu ya kisu kidogo cha chuma, upande huu kisahani cha kutilia baruti, upande ule mshale na mstari wake. Juu ya mkono vilikaa vijiwe viwili vya kusogeza, kimoja cha punje nzimanzima, kimoja cha vipande vya punje. Punje ndicho kipimo cha wapima baruti, na ni kitu kidogo kuliko unavyofikiri: ukimpa kunguni punje moja ya baruti, anaibeba na mzigo mwingine juu. Laurenti aliiita mizani hiyo Hakimu. Alisimulia kwamba ilitoka katika ofisi ya mgodi, kwamba ndiyo iliyopima dhahabu ya kwanza kuchimbwa katika mji huu, na kwamba mzungu mmoja aliyekuwa anakufa alimkabidhi kwa mikono miwili akisema, "Mkude, usimwache alale njaa." Nomsa, aliyekuwepo siku iliponunuliwa kwenye kitambaa cha mchuuzi kando ya barabara, katikati ya mabomba mabovu na soketi zilizoungua, husikiliza hadithi hiyo akiangalia dari.

Laurenti hakwenda shule ya mizani. Alijifunza kwa kufungua na kufunga. Wenye bucha na wenye spaza, vile viduka vya mtaani, walimletea mizani zao zilizochoka, naye akaziponya. Ndivyo alivyoingia katika kujaza risasi. Wanaopiga shabaha kila Jumamosi hawawezi kununua risasi mpya maisha yao yote. Huokota maganda yao, huyasafisha, hutia fataki mpya ya kuwashia baruti kwenye kitako, hupima baruti, kisha hukaza kichwa. Ni kazi ya subira, na moyo wake ni mizani. Baruti ikipungua, risasi hukohoa ikafia njiani. Ikizidi, bastola inaweza kukupasukia mkononi, na uso hauko mbali na mkono.

Mwenzake katika kazi hii alikuwa Josiah, Mkenya wa benki, mtu wa kanisa, mwenye shati lililonyooka hata Jumapili jioni. Miaka sita iliyopita alikuja gerejini na kibali kipya cha bastola na swali moja.

"Mzee, nataka kununua mizani ya baruti. Ninunue gani?"

Laurenti alimkalisha juu ya ndoo. "Sikiliza, Mkenya. Usinunue ya kupimia unga, hiyo punje haiioni kabisa. Ya betri ni nzuri ukiwa na haraka, lakini ina moyo wa bibi harusi: feni ikizunguka inashtuka, simu ikilia karibu inashtuka, betri ikichoka inakudanganya huku inakutazama usoni. Ya mkono ni ya polepole, lakini umeme ukikatwa yenyewe haina habari. Iweke juu ya meza iliyonyooka, funga mlango upepo usiingie, inama mpaka jicho liwe sawa na mshale. Na kabla ya yote?"

"Kabla ya yote nini?"

"Iulize sifuri! Kisahani kitupu, vijiwe vyote mwanzo, mshale ukae juu ya mstari. Kila siku, kila ukikaa. Mizani isiyoulizwa sifuri ni kama mume asiyeulizwa jana alilala wapi."

Josiah alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaandika kwenye daftari: *iulize sifuri*. Hakununua mizani. Walikubaliana watumie Hakimu, wawili kwa mmoja, na kila Ijumaa alasiri benki ikifungwa Josiah alikuja Diepkloof. Laurenti alipima, Josiah alikaza vichwa. Risasi za Laurenti zilitiwa alama ya rangi ya kucha ya Nomsa kwenye kitako, nyekundu, ili zisichanganyike. Sanduku zima lililala kwa Josiah huko Kensington, kwa kuwa kasha lake la chuma lilikuwa kubwa, na Jumamosi asubuhi alimpitia mzee wakaenda uwanjani. Miaka sita. Katika klabu walijulikana kama jozi, na mashindano ya jozi ya Septemba waliyashinda mara mbili.

Sasa hapa kuna jambo dogo ambalo Laurenti hakuona haja ya kulitaja kwa mtu. Mwezi wa Februari, mvua ikinyesha siku ya nne mfululizo, alikuwa anamsimulia jirani jinsi alivyokabwa na chui milima ya Uluguru. Mkono wa kulia ndio ulikuwa chui. Chui aliporuka, alimpiga Hakimu kofi, Hakimu akaenda chini.

Mkono haukupinda. Kisu hakikumeguka. Ila chini ya kisahani kuna kikombe kidogo chenye kifuniko, na ndani yake mtengenezaji alitia vipunje vya risasi, risasi madini, ya kusawazisha uzito. Kifuniko kilifunguka, vipunje vikamwagika, vikakimbilia kila ufa wa sakafu. Laurenti alitambaa kwa magoti saa nzima, akapata vinne. Jirani alikuwa bado anangoja mwisho wa chui.

Alikwenda jikoni. Chumvi ya mawe ya Nomsa ilikuwa kwenye kopo, nzito, yenye unyevu wa mvua, inashikana kama mchanga wa mtoni. Aliijaza kwenye kikombe kidogo kidogo mpaka mshale ukakaa juu ya mstari sawasawa. Akajaribu na jiwe la kuhakikishia: sawasawa. Uzito ni uzito, alijiambia. Mizani haina ulimi wa kuonja. Akafunga kifuniko, akakipaka rangi nyekundu ya kucha pembeni kisifunguke tena, na skrubu ya kurekebishia sifuri nayo akaipaka, ili asiwepo mtu wa kuichezea. Tangu siku hiyo hakumuuliza Hakimu sifuri. Ungemuuliza sababu angekuambia Hakimu ameshafika umri wa kutoulizwa.

Mwezi wa Juni, Josiah aliinua ganda moja uwanjani akalitazama juani. "Mzee, hizi zinapiga kwa nguvu. Angalia fataki, imebapa."

"Ni mkono wako huo. Mkono wa benki, umezoea karatasi."

"Sio mkono, Mzee."

"Basi ni baridi. Baridi ya Joburg inabapisha hata masikio."

Josiah alilitia ganda mfukoni. Na kweli, Julai mambo yalitulia. Laurenti alipiga vizuri kuliko alivyopiga miaka mingi, matundu matano katika sehemu ya kufunikwa na kikombe cha chai, na kila aliyempongeza alimjibu, "Mshukuruni Hakimu."

Jumamosi ya katikati ya Agosti, Nomsa alikuwa anampelekea dada yake sufuria huko Bez Valley, na Kensington ni pale pale juu ya kilima. "Nishushe kwa Josiah," alisema Laurenti. "Leo nimfanyie wema, asinifuate mpaka Soweto."

Mlango ulifunguliwa na Monicah, mke wa Josiah, akiwa na kanga na tabasamu. "Mzee! Karibu, umekuja mapema. Josiah ako huko nyuma kwa store, anarudia zile zako."

"Zangu zipi, mama?"

"Si zile risasi zako. Kila Ijumaa akitoka kwako lazima arudie kuzipima. Mimi namwambia wachana na hizo vitu uje ukule, anasema hawezi. Chai utakunywa ya maziwa ama ya rangi?"

"Yoyote," alisema Laurenti, lakini miguu yake ilishaanza kuzunguka nyumba.

Dirisha la stoo lilikuwa wazi nusu. Ndani Josiah alikaa amempa mgongo. Mbele yake risasi zilisimama mstari, vitako juu, vyote vina rangi nyekundu. Alichukua moja, akaitia ndani ya nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa, akagonga mara mbili mezani, kichwa kikachomoka. Akamimina baruti kwenye kimizani cheusi cha ukubwa wa simu. Namba za buluu zikawaka. Josiah akatikisa kichwa. Akachota chembe chache kwa ncha ya kisu, akazirudisha kwenye kopo, akatazama tena namba, akajaza ganda upya. Akachukua ya pili. Akatikisa kichwa.

Alipotikisa kichwa kwa mara ya tano Laurenti aliona kifua chake kimekuwa na shimo na upepo unapita humo. Miaka sita mtu anakaa kwenye ndoo yako. Anakula ugali wako. Anakuita Mzee. Unapima mbele yake kwa jicho lililoinama, anakuambia sharp, asante, kisha anakwenda kwake kukupima upya kama muuza nyanya mwenye kidole kwenye mizani! Na kimizani cha betri! Laiti angekuwa amemkuta na bastola ya mtu mwingine, na mwalimu mwingine, ingeuma kidogo. Hii ilikuwa kama kumkuta mwanafunzi wako anafuta ubao ukiwa bado umeshika chaki.

Hakunywa chai. Aliteremka kilima kwa miguu hadi kwa dada yake Nomsa, akamkuta Nomsa ndio kwanza anashusha sufuria, akaingia kwenye gari, akafunga mlango.

"Nirudishe nyumbani."

"Wewe si uko Kensington?"

"Nimesalitiwa."

"Na nani? Serikali?"

"Na Josiah."

Nomsa aliweka sufuria chini. "Eish. Amefanya nini?"

"Ananipima."

Ilimchukua Nomsa mpaka robot ya tatu, zile taa za barabarani, kupata maneno yote. Aliyasikia, akabadilisha gia, akasema taratibu, "Baba Thabo. Ile mizani si ilianguka siku ile ya mvua?"

"Iliteleza."

"Iliteleza mpaka chini?"

"Nomsa, endesha gari."

Walimchukua Hakimu gerejini. Hita ya gesi ilikuwa inawaka karibu naye, kama ilivyowaka tangu Mei, maana vidole vya mzee haviwezi baridi. Laurenti alimviringisha katika blanketi kama mtoto aliyetoka kuzaliwa, akampakata njia nzima hadi uwanjani.

Josiah alishafika. Alikuja mbio. "Mzee! Monicah anasema ulikuja ukapotea! Simu hushiki, nimekaribia kuenda polisi."

"Usiniite Mzee. Mzee hapimwi kisogoni."

Josiah akasimama. Macho yake yalikwenda kwenye blanketi, yakarudi.

Wayne, msimamizi wa uwanja, fundi mstaafu wa reli mwenye tumbo la heshima, alikuja kuona kuna nini. Watu waliacha kahawa zao. Laurenti alimweka Hakimu juu ya meza, akafunua blanketi, akasema kwa Kiingereza cha duka la Marshalltown ili kila mtu asikie: huyu bwana, mwenzangu wa miaka sita, ananing'olea risasi zangu moja moja na kuzipima kwa kimashine cha betri nyuma ya nyumba yake. Leo tutajua nani anapima na nani anapimwa.

"Hakimu akikosea hata nusu punje," alimalizia, akimgeukia Josiah kwa Kiswahili, "nachinja mbuzi kwa klabu nzima, mbuzi mwenye ndevu, na baruti siipimi tena. Akiwa sawa, Septemba utafute jozi mwingine. Na ndoo yangu usiikalie tena."

"Mzee, tuongee kando."

"Kando ndiko ulikokuwa kila Ijumaa. Lete hicho kimashine chako."

Josiah aliinamia meza, akamtazama Hakimu. Alipoinua uso, hakuwa na aibu aliyotarajia Laurenti kuiona. Alionekana amechoka.

"Sitaleta," alisema. "Sihitaji. Muulize sifuri tu."

Kama angemtukana, Laurenti alikuwa na matusi kumi ya kujibu. Sifuri haijibiwi kwa tusi. Alisogeza vijiwe mwanzo, kimoja, kingine. Kisahani kitupu. Akainama. Mkono wa shaba uliyumba, ukapungua kuyumba, ukatulia. Mshale haukuwa juu ya mstari. Upande wa kisahani ulikuwa umeinuka, mwepesi, kama mtu aliyesimama kwa vidole.

"Upepo," alisema Laurenti.

Wayne alisogea akaweka tumbo lake upande upepo unakotoka. Mshale haukusogea.

"Meza imelala upande."

Mtu alilaza chupa ya maji mezani. Maji yalikaa sawa.

"Gari limemtikisa. Nomsa amepita kwenye mashimo."

"Mimi?" alisema Nomsa. "Mimi tena?"

Josiah alinyoosha kidole chini ya kisahani, kwenye kifuniko chenye rangi ya kucha. "Hapa nini, Mzee? Nimekiona tangu Machi. Sikuuliza kwa sababu ni wewe ungeniambia."

Laurenti alifungua kinywa. Nomsa alishafika mezani. Aliitazama rangi hiyo, akajitazama kucha zake, akatoa tupa ndogo ya kucha kwenye mkoba, akakwangua, akabandua kifuniko na kukipindua kikombe juu ya kiganja. Vipunje vinne vya kijivu vilitoka, na nyuma yavyo mchirizi mweupe, mkavu, unaoteleza kama mchanga wa saa.

Wayne alichovya kidole, akakipeleka mdomoni.

"Usilambe!" Nomsa alipiga ukelele, na katika haraka ile hakukumbuka Kiingereza wala Kizulu. "Humo mlikuwa na risasi!"

Katika miaka sita Wayne alikuwa amejifunza neno moja tu la Kiswahili kwa wazee hawa wawili, na neno lenyewe lilikuwa risasi. Alijitupa chini ya meza na tumbo lake lote. Nyuma yake watu walilala kifudifudi mmoja baada ya mwingine kwa kumwona yeye amelala, na kahawa zikamwagika uwanja mzima. Ilipoelezwa kwamba risasi ni madini na si risasi ya kufyatuliwa, Wayne alitoka akiwa na nyasi kwenye masharubu, akatema mate mara tatu, akasema neno moja.

"Chumvi," Josiah alitafsiri, ingawa hakuna aliyehitaji.

Watu walicheka. Laurenti naye alianza kucheka, kwa kuwa kicheko ndiyo njia aliyozoea kupitia anapobanwa. Ndipo akaona Josiah hacheki.

"Uliitia lini?"

"Februari."

"Wakati wa mvua. Ilikuwa na maji." Josiah alisema polepole, kama mtu anayesoma safu ya hesabu. "Halafu baridi ikaja, kavu, na ukawasha hita kando yake kutwa. Chumvi ikakauka. Kisahani kikawa chepesi, na kila tukipima, baruti inazidi kujaza pengo. Juni ilizidi nusu punje na zaidi. Nusu punje, Mzee. Wewe ndiye ulinifundisha nusu punje ni nini."

"Nilijaribu na jiwe. Ilikuwa sawa kabisa, naapa..."

"Usiape. Nilikuambia Juni. Ukasema mkono wa benki." Akagonga meza kwa kidole. "Nilinunua kale kamizani wiki hiyo hiyo. Ningeweza kuzirudia zangu pekee nikanyamaza. Nilirudia na zako, kila moja, kwa sababu nilijua ukiambiwa hutaacha, utaleta hadithi. Zile shabaha zako za Julai ulizokuwa unamshukuru Hakimu, nilizipima mimi. Sasa umekuja hapa na blanketi kuniita msaliti. Mimi nina mke na watoto wawili. Hiyo bastola ninaishika hapa, hapa mbele ya macho. Miezi sita ulijua ndani ya hiyo kitu kuna chumvi ya jikoni, na uliniangalia nikishika."

Laurenti alitafuta chui. Alitafuta mzungu wa mgodini, baridi inayobapisha masikio, chochote. Maisha yake yote hakuwahi kutia mkono kwenye mfuko wa hadithi akakosa cha kutoa. Alikumbuka lile shimo la kifuani alilolipata dirishani asubuhi, namna upepo ulivyopita humo, na akaelewa kwamba Josiah alikuwa anatembea na shimo kama hilo tangu Juni, na kila Ijumaa alikuja nalo gerejini akaketi nalo juu ya ndoo.

"Nilimwangusha," alisema. "Nilikuwa naigiza chui."

"Najua. Jirani yako alishaniambia. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Mtu alikohoa. Wayne akaanza kuokota vikombe.

"Septemba," alisema Laurenti. "Tafuta jozi mwingine. Una haki."

Josiah alikunja blanketi. Alilikunja mara nne, kona kwa kona, kama anavyokunja kila kitu. "Mbuzi ni Jumamosi ijayo," alisema mwishowe. "Utasimama mbele ya watu hawa hawa, uwasimulie ilivyokuwa, toka mwanzo mpaka mwisho. Bila chumvi. Ukiweza, tutaona mambo ya Septemba. Na kuanzia sasa napima mimi, wewe unakaza vichwa."

"Bila hata kidogo?"

"Kila chumvi, ubavu mmoja. Unanipa mimi."

Jumamosi iliyofuata mbuzi alikuwa juu ya makaa, ndevu zake zimeshakwenda zake. Laurenti alimnunua mwenyewe, akamchuna mwenyewe, na nyama ilitoa harufu nzuri lakini haikuwa na ladha, kwa kuwa Nomsa alikataa kuleta kopo. "Chumvi yangu yote mliimaliza kwenye mizani," alisema, akawagawia watu ndimu. Mbavu zote za mbuzi zilipangwa kwenye sahani mbele ya Laurenti, kumi na tatu upande huu, kumi na tatu upande ule. Josiah alikaa mbele yake juu ya ndoo. Ilikuwa ile ndoo ya gerejini. Laurenti ndiye aliyeileta kwenye gari bila kuulizwa.

Alisimama, akakohoa, akavua kofia.

"Haya yote ni kweli tupu," alianza, mkono kifuani. "Naapa kwa marehemu mama yangu aliyelala Matombo. Siku ile, hapa hapa, walisimama watu sitini—"

"Tisa," alisema Josiah.

Laurenti alimtazama. Aliwatazama watu waliokaa kwenye nyasi na sahani zao; ni wale wale, na kumi walifika tu kwa kumhesabu mbwa wa Wayne. Akachukua ubavu mmoja, akauweka kwenye sahani ya Josiah.

"Watu tisa," alisema. "Pamoja na jenerali mmoja must—"

Wayne, aliyetengeneza vichwa vya treni maisha yake yote, aliposikia neno jenerali alinyoosha mgongo akapiga saluti. Josiah alisogeza tu sahani yake mbele, na kwa mara ya kwanza tangu Juni pembe ya mdomo wake ilikuwa inajizuia.

Laurenti akachukua ubavu wa pili, ule mnono, akampa.